Twende na Watoto Isimila

Akina mama wapendwa, likizo ya Juni ikikaribia watoto huanza kuuliza, "Mama, safari hii tunakwenda wapi?" Sisi wa Dodoma tumezoea kuwapeleka kijijini kwa bibi, na hilo ni jema. Lakini kama nauli ipo na siku mbili zinapatikana, wapelekeni pia kwenye korongo la Isimila, kiasi cha kilometa 20 kutoka Iringa mjini, njia ya Mbeya.

Basi la Iringa hupita Mtera, watoto wataliona bwawa. Laleni Iringa, na kesho yake mwende mapema. Baridi ya Juni huko si mchezo, chukueni masweta. Ila jua likishapanda, korongoni ni joto na mchanga mtupu. Kofia, maji ya kutosha na viatu vya kufunika vidole. Ndala ziacheni nyumbani. Na mtoto asipande zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, maana humomonyoka.

Zamani sana palikuwa na ziwa dogo hapo. Likakauka, likafukiwa, halafu maji ya masika yakaukata udongo mpaka yakafichua yaliyolala chini. Aliyeyaona kwanza, mwaka 1951, alikuwa mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini. (Waambieni watoto hilo, mtaona wanavyoanza kutazama chini!) Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walioongozwa na Clark Howell kutoka Marekani walichimba wakakuta mashoka ya mkono mengi sana, mengine mazito ya kushikwa kwa mikono miwili. Walikuta pia mifupa ya wanyama, hata ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa. Wanangu mawe wameyasahau. Kiboko yule bado wanamchora.

Sasa mtoto atauliza, "Mama, ni miaka mingapi?" Hapo ndipo wengine wetu hubadilisha mazungumzo, tukiogopa kuiyumbisha imani yake. Mimi naona mtoto anayenyamazishwa ndiye atakayeyumba, siku atakapolisikia jibu darasani na kukumbuka kwamba mama alilikwepa. Mwambieni wazi: vipimo vya mfupa wa hapo vilivyochapishwa mwaka 1972 vilitoa miaka kama 260,000. Kisha tembeeni naye, kila hatua iwe miaka 100. Hatua 20 zinamfikisha siku alipozaliwa Bwana Yesu. Kuwafikia waliochonga mawe ni hatua 2,600! Waacheni wahesabu mpaka wachoke. Na akiuliza kama Mungu alikuwapo siku zile, jibu hilo kila mama Mkristo analo: alikuwapo. Wapo wapendwa wanaoihesabu miaka ya dunia kwa namna nyingine. Hayo mzungumze nyumbani kwa upole, si kwa kumkaripia mtoto mbele ya mwongozaji.

Jambo la mwisho ni mifuko ya kaptula. Mawe yamezagaa, na mtoto ataona moja halitapunguza kitu. Tangu mwaka 1964 ipo Sheria ya Mambo ya Kale inayokataza kuyachukua, lakini sababu yenyewe mtoto anaielewa vizuri kuliko sheria. Shoka likiwa pale lilipolala, mtaalamu anaweza kujua lilikuwa karibu na mifupa gani, na katika tabaka gani la udongo. Likifika Dodoma juu ya kabati ya vyombo, ni jiwe tu. Kwa hiyo mwongozaji akiruhusu, alishike, asikie makali yake, alichore kwenye daftari, kisha alirudishe palepale. Penseli msisahau, na moja ya akiba.