Injini haikufa kwa ufundi mbovu, imeuawa na ubahili

Nimerudi chuo baada ya wiki nane za PT kwenye karakana moja ya mashine za boti huku pwani. Bumu bado, maji ya hosteli ndiyo yale yale, hayo tutayapigia kelele siku nyingine. Leo nina ugomvi na wenye jeti ski, hasa wale wanaozikodisha ufukweni.

Ugomvi wenyewe ni huu. Injini imenoki, unaileta kwa fundi, inafumuliwa, silinda zinachongwa, inawekwa pistoni ovasaizi na ringi mpya. Mzee anakwambia, "Bosi, hii bado mbichi, niachie siku mbili niizungushe taratibu." Wewe unajibu Jumamosi una wageni. Unaichukua Ijumaa jioni. Jumapili inarudi inavutwa kwa kamba, imekamata, na unamkata mzee hela yake kwa sababu eti "kazi haikuwa nzuri". Nimeshuhudia hilo kwa macho yangu, na mzee yule alipomeza mate akanyamaza, mimi nilikasirika kuliko yeye.

Tuelewane kwanza. Nazungumzia jeti ski za zamani za tustroku, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Viwandani zimepita (hata Yamaha SuperJet, iliyong'ang'ania sana, ilihamia fostroku mwaka 2021) ila mashine za zamani bado zinafufuliwa na zinaingiza hela. Mashine hii haina oili iliyokaa chini kama gari. Kama unachanganyia kwenye tangi, petroli inayopita kwenye kabureta ndiyo inayobeba oili, na ndiyo hiyo hiyo inayoipoza pistoni. Ukipunguza petroli umepunguza vyote kwa mpigo mmoja.

Sasa kijana wako wa ufukweni anaambiwa "inakula mafuta, kaza kidogo". Anashika bisibisi. Kabureta za Mikuni zilizofungwa kwenye jeti nyingi zina skrubu mbili za petroli, moja ya mwendo mdogo na moja ya mwendo mkubwa. Ukifungua, petroli inaongezeka, ukifunga inapungua. Kijana amejifunzia kwenye pikipiki za zamani za tustroku, ambako skrubu ya pembeni mara nyingi ni ya hewa na mambo yako kinyume: ukifunga, mchanganyiko unakuwa mzito. Kwa hiyo hata akitaka kuongeza mafuta anaweza kuyapunguza huku anaamini amefanya vyema!

Na kuna mtego mbaya zaidi. Injini ikikaushwa mafuta kidogo inachangamka. Sailensi inakuwa safi, moshi unapungua, inaruka kama swala. Bosi anafurahi, "umeona, fundi alikuwa ananiibia mafuta". Raha hiyo ni ya muda mfupi sana. Joto linapanda, pistoni ya alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda, na nafasi kati yao ni nyembamba kuliko unywele wako. Ikigusa, imekwisha.

Namna ya kujua kama kabureta imekaa sawa inajulikana na haina uchawi. Ipeleke majini, iende mwendo unaotaka kuupima ikiwa na mzigo, uizime hapo hapo bila kuiacha ingurume sailensi, kisha fungua plagi. Kahawia, sawa. Nyeusi yenye majimaji, mafuta yamezidi. Nyeupe, simama, usiende hata mita moja. Kuisikiliza ikinguruma nchi kavu hakukwambii lolote kuhusu fulu. Na kama lazima uiwashe nchi kavu kwa mpira wa maji, washa injini kwanza ndipo ufungue bomba, na ukimaliza funga bomba kwanza ndipo uzime. Ukigeuza hapo maji yanaweza kuingia hadi kwenye silinda. Hili nimelisema mara kumi kule pwani na nitalisema tena.

Turudi kwenye ubichi. Yamaha kwenye vitabu vya mashine zao za boti wanataka saa 10 za kuzoesha. Dakika 10 za mwanzo mwendo mdogo kabisa, dakika 50 zinazofuata usivuke nusu, saa ya pili kama robo tatu, zilizobaki usikae fulu zaidi ya dakika tano mfululizo. Oili unaongeza: badala ya 1 kwa 50 unaweka 1 kwa 25. Piga hesabu na mimi. Petroli lita 20 inahitaji mililita 800 badala ya 400. Tofauti haijazi hata chupa ndogo ya maji ya nusu lita. Bosi anaua pistoni mbili kwa ajili ya hiyo.

Najua kuna rafiki yangu wa darasani atasema wapo watu wa mashindano wanaoipa injini mpya mzigo mapema ili ringi zikae. Kweli wapo, na hoja yao ina kichwa na miguu. Lakini wao wanaipa moto kidogo, wanaachia, inapoa, wanarudia, na kabureta yao imejaa mafuta. Sijaona anayempakia mgeni wa kilo tisini aende fulu kutoka ufukweni mpaka kisiwani na kurudi.

Mafundi nao si malaika. Oili sili ya krenki ikivuja hewa, au gasketi ikikaa vibaya, mafuta yatakauka hata skrubu ziwe sawa, na hiyo ni juu ya fundi. Ndiyo maana injini ipimwe kwa upepo kabla haijatoka karakana. Na ikirudi imekamata, wote mkae chini muitazame pistoni. Michubuko upande wa ekzosti, plagi nyeupe, mafuta yalikauka: pima upepo tena, kama haivuji mwangalieni aliyeshika bisibisi. Michubuko minne kuzunguka pistoni mara nyingi ni ya kwenda fulu kabla injini haijapata joto, au fundi aliibana mno, basi ipimwe nafasi. Hapo ndipo mzungumzie hela ya nani ikatwe.

Mzee nilimwachia ushauri mmoja na ameanza kuufuata: skrubu za kabureta zinapakwa rangi ya kucha nyekundu kabla mashine haijatoka, na mwenye mali anasaini kwenye daftari kwamba ameziona. Bosi wa kwanza kuambiwa asaini aligoma.