Mlango wa Dola 200,000

Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei mliokabidhiwa akiba za jumuiya:

Mwezi Juni 2014 Serikali ya Kenya iliuza hatifungani zake katika soko la ng'ambo kwa mara ya kwanza, ikakopa dola bilioni 2. Kati ya hizo, dola bilioni 1.5 zilikuwa za miaka kumi, kwa riba ya asilimia 6.875 kwa mwaka. Aliyetaka kuikopesha Serikali kwa njia hiyo alitakiwa kuanza na dola 200,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 17 za wakati ule. Twauliza: ni mkulima gani wa majani chai, ni mwalimu gani, ni chama gani cha akiba na mikopo cha parokia kilichoweza kuuvuka mlango huo?

Waliouvuka ni mifuko mikubwa ya uwekezaji ya Marekani na Ulaya. Mwananchi akitaka kuingia kupitia mifuko hiyo, hukutana na ada za kupeleka fedha nje, na masharti ambayo mara nyingi hayampokei mkazi wa nchi nyingine.

Tazameni basi jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 87; mwanzoni mwa 2024 ilifikia kama 160. Mkopeshaji wa ng'ambo hakuguswa, kwa kuwa hulipwa kwa dola. Mwenye akiba ndogo aliyeikopesha Serikali ile ile kwa shilingi aliona thamani ya fedha zake ikiyeyuka. Februari 2024 Serikali ilikopa tena dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ili kulipa sehemu kubwa ya deni la kwanza. Riba hiyo hutoka katika kodi, ikiwamo ile inayotozwa mafuta ya taa ya mjane.

Wapo wanaosema kwamba kiwango hicho kimewekwa ili kumlinda mtu mdogo asipate hasara. Hoja hii haisimami. Kwa sheria za Ulaya, hati inayouzwa kuanzia euro 100,000 husamehewa sehemu ya maelezo ambayo mnunuzi mdogo angepaswa kupewa. Kinachopunguzwa ni kazi ya mkopaji. Hasara nayo mtu mdogo anaibeba tayari, kwa kuwa ndiye mlipa kodi. Alichozuiliwa ni faida.

Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba sheria zimsaidie mfanyakazi aweke akiba na kupata mali yake mwenyewe. Wala isisemwe kwamba njia haipo: mwaka 2017 Serikali yenyewe iliuza hatifungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kila Serikali itakapokopa ng'ambo, itenge sehemu ya deni hilo kwa wananchi, kwa viwango vidogo na kwa thamani ya dola. Tena masharti yote ya mkopo, pamoja na hatari zake, yatangazwe kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, lijadilini jambo hili, kisha mpelekeeni mbunge wenu madai haya kwa maandishi. Anayelipa deni ana haki ya kuketi mezani linapoandikwa.