Tumbo linalouma kila siku ya shule

Mtoto wa miaka minane analetwa zahanati akilalamikia tumbo. Anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa ya minyoo. Jumatatu inayofuata tumbo ni lile lile, na hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Kaunti ya Nakuru ina sababu za kuuliza. Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai na kuua zaidi ya watu 40. Aprili 2024 mafuriko yaliwakumba wakazi wa Mai Mahiu usiku wakiwa wamelala. Walioshuhudia ghasia za baada ya uchaguzi za 2008 Kuresoi na kwingineko wakiwa wadogo, leo wengine ni wazazi. Wala si lazima pawe na msiba. Wasiwasi humkuta hata mtoto wa nyumba tulivu.

Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako mijini. Aliye karibu ni muuguzi au afisa wa kliniki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa wahudumu wasio mabingwa mwaka 2010, na 2023 likaongeza sehemu ya wasiwasi. Kumsikiliza mtoto, kumwelekeza mzazi, kumzoesha shule hatua kwa hatua: hayo hayahitaji mashine.

Hofu yetu ni kwamba mafunzo ya wahudumu hao yataishia kuwa warsha ya siku mbili katika hoteli ya Naivasha, posho, cheti, basi. Afya ni jukumu la kaunti. Itenge fedha ili daktari wa akili awatembelee wahudumu hao kila mwezi, wajadiliane kuhusu watoto waliowaona. Solai, Mai Mahiu na Kuresoi zitangulie.