Aliyeketi Kando ya Njia

Waliomkemea kipofu Bartimayo anyamaze hawakuwa wapagani. Soma Marko sura ya 10. Yesu anatoka Yeriko, umati umemfuata, na kipofu ameketi kando ya njia akipaza sauti kuomba huruma. Waliomkaripia ni wale wale waliokuwa kwenye msafara wa Bwana. Walikuwa na safari njema, wakamwona maskini yule anawachelewesha. Aliyesimama ni Yesu.

Kisa hiki kingetunyima usingizi sisi tunaojihesabu kuwa kwenye msafara. Siku hizi huduma tumeiundia idara, kamati na ratiba. Ipo Jumamosi ya kutembelea wagonjwa: tumevaa sare, tumebeba sabuni na sukari, na mpiga picha hakosi. Si vibaya, maana sabuni wodini haijawahi kutosha. Ila kati ya Jumamosi hiyo na nyingine tunapishana na wenye maumivu kila siku, na kwa kuwa hawamo kwenye ratiba hatuwaoni.

Panda daladala asubuhi pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam. Huenda ukamkuta mama aliyeshuka usiku kwenye basi la mkoani, bahasha ya kaki yenye picha za eksirei ameikumbatia kifuani, na kila kituo anauliza kama ndiyo hospitali ya Muhimbili. Konda anamjibu kwa mkato, "Tulia mama, utashushwa." Abiria tumeinamia simu zetu. Wengine, Mungu atusamehe, tunasikiliza mahubiri.

Mama huyu kwa saa hiyo hahitaji mhubiri. Anahitaji mtu wa kumwambia, "Mama, twende wote, nakupeleka," amfikishe kwenye dirisha la kuandikishwa, amwonyeshe pa kulipia na panapouzwa chai ya bei nafuu. Aliyewahi kuuguza ugenini anajua jinsi mtu anavyochoka kwa kutojua tu aende mlango upi.

Wapo watakaosema mjini kuna matapeli. Kweli wapo, tena wengine wana vyeti vya daktari vya kughushi. Lakini hata ile njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko, ambayo Msamaria wa mfano wa Luka 10 anamkuta mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, haikuwa ya kuchezea. Inateremka kiasi cha mita 1,000 katika mwendo usiofika kilomita 30, katikati ya makorongo na vilima vikavu. Mtu aliyelala chini pale angeweza kabisa kuwa mtego wa wanyang'anyi. Msamaria aliijua hatari hiyo, akasimama; na tuangalie alivyosaidia. Hakumpa majeruhi fedha mkononi. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, na dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni. Basi nawe ukimtilia shaka anayeomba hela ya dawa, ongozana naye hadi dirisha la dawa ulipie hapo hapo. Tapeli atapotelea njiani.

Tena kesho yake Msamaria aliendelea na safari. Aliahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi, akaenda zake. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu hatuanzi kabisa, tukidhani kwamba ukimshika mtu mkono leo umejitwika mzigo wake wa maisha.

Kuna pia suala la ulimi. Tunao wenzetu ambao wakikutana na mfiwa hawatulii mpaka wamemweleza Mungu alikusudia nini. Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kutamka neno, na hapo walikuwa wafariji kweli. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Kwa hiyo ukijikuta kwenye benchi la hospitali karibu na mtu anayefuta machozi, muulize jina lake, ametoka wapi, na kama amekula. Usimwahidi uponyaji usio na mamlaka nao. Akitaka maombi, mwombee kwa maneno machache na sauti ya chini. Akiwa Mwislamu, au hataki tu kuombewa, huduma haijaisha: mshikie bahasha na umlindie nafasi kwenye foleni aende msalani, kwa sababu mgonjwa aliyekuja peke yake hana wa kumwachia hata hilo.