Ordinatere ya sekretaria: nani anasoma karatasi zako kisha wewe kuondoka?

Wiki jana nilienda kutoa kopi ya karte yangu ya uchaguzi katika sekretaria moja ya komine Kimemi, hapa Butembo. Foto nilikuwa nimeituma kwa WhatsApp. Kijana wa kazi alikuwa na watu wengi mbele yake, akaniambia: "Papa, ikaa ku mashine ile ya pembeni, fungua dosie ya Documents, utafute fishie yako." Nikafungua. Fishie yangu ilikuwa pale, lakini haikuwa peke yake. Kulikuwa karte za uchaguzi za watu wenye sikuwajua, barua za kuomba kazi, TFC tatu ao ine, karatasi ya kuzaliwa ya mutoto, na faktire ya muchuuzi mumoja, pamoja na namba yake ya telefone na feza zenye alilipa Guangzhou. Sikuvunja mulango wowote. Hakuna mutu aliniomba neno la siri.

Tukizungumuzia usalama wa ordinatere, watu wanafikiria mwizi wa mbali, mwenye anaingia kwa njia ya intaneti akiwa Ulaya ao Asia. Mimi ninaona kwamba katika Butembo na Beni hatari iko karibu zaidi: ni mutu mwenye atakuja kuikaa ku kiti kile kile kisha wewe kuondoka. Na kwetu habari hizo si muchezo. Karte ya uchaguzi ndiyo tunaonyesha fasi yote kama kitambulisho. Katika muji wenye wachuuzi wanafuatwa usiku mpaka nyumbani na watu wenye silaha, faktire yenye kuonyesha nani ana feza na namba yake ni ngapi inaweza kumupeleka mutu ku kaburi. Tena tuko na wakimbizi wengi wenye hawataki ijulikane walifikia wapi.

Kuko matundu ndani ya sisteme ya ordinatere, ni kusema ile programu kubwa yenye inaongoza mashine yote, yenye hayamusaidii mwizi wa mbali. Yanamusaidia tu mutu mwenye amekwisha kuingia, hata na konte ndogo yenye haina mamlaka. Anaweza kusoma kitu chenye hakupashwa kusoma. Wengi wakisikia vile wanatulia: kama ni lazima akuwe ndani, basi si neno. Lakini ku sekretaria, ku cyber, ku biro ya masomo, kila mutu iko ndani!

Mufano wenye unafundisha sana ni wa mwezi wa 7, mwaka 2021. Mutafutaji mumoja, Jonas Lykkegaard, alikuwa anachunguza Windows 11 wakati ilikuwa bado inajaribiwa. Akaona kwamba fishie yenye inaitwa SAM inaweza kusomwa na mutu yeyote mwenye konte ya kawaida. Kisha ikajulikana kwamba Windows 10 pia, kuanzia ile ya 1809, ilikuwa na kosa lile lile. SAM ndiyo daftari la wenye konte na maneno yao ya siri. Neno lenyewe haliandikwe pale wazi, linasagwa kwanza; lakini mutu mwenye ujuzi akipata ile sura yenye kusagwa, wakati mwingine anaweza kuitumia na kuwa mwenye mashine, bila kujua neno lenyewe.

Mutauliza: si Windows inafunga fishie hiyo wakati mashine inatumika? Ndiyo, inaifunga. Lakini Windows ina desturi ya kujitengenezea kopi za akiba, ili mashine ikiharibika iweze kurudia hali ya zamani. Ndani ya kopi hizo, SAM haikufungwa. Ni kama mama mwenye kuchunga daftari la likelemba. Anakamata daftari mukononi muchana kutwa na hakuna mutu anaweza kumunyanganya, lakini kila mangaribi anatoa fotokopi na kuiweka ku baraza. Wenye likelemba wote wanaweza kusoma nani alilipa na nani bado.

Microsoft ilitoa mizajuru ya kuziba tundu hilo tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka ule. Mafundi wetu wengi waliiweka, wakasema kazi imekwisha. Haikukwisha. Mizajuru ilifunga daftari, lakini fotokopi za zamani zilibakia ku baraza na makosa yao. Microsoft yenyewe iliandika kwamba ni lazima kuzifuta kwa mukono, kisha ndiyo mashine inakuwa salama kabisa. Mutu mwenye kuchunga mashine za masomo, za kituo cha afya ao za koperative anaweza kupima sasa hivi: afungue dirisha la amri kama mwenye mashine, aandike vssadmin list shadows, ataona kopi zote na tarehe zao. Zile za mbele ya mizajuru azifute, kisha atengeneze kopi mupya moja. Dakika kumi tu.

Lakini niseme ukweli. Katika sekretaria zetu nyingi tundu la Microsoft halina hata kazi, sababu hakuna ukuta wa kutoboa. Konte ni moja, ndiyo ya mwenye mashine, haina neno la siri, na kila muteja anaikaa ndani yake kama boss. Kazi ya kwanza ni kutenganisha: konte ya mwenye mashine iwe na neno la siri, na konte ingine ndogo iwe ya wateja. Mangaribi, dosie ya wateja ifutwe, na korbeye pia, maana fishie yenye iko ndani ya korbeye haijafutwa. Na WhatsApp Web! Nimeona mashine yenye ilibakia na mazungumuzo ya mama mumoja wazi, familia yote, tangu asubui. Ukitumia WhatsApp ku mashine ya wengine, fungua telefone yako mbele ya kutoka, angalia vyombo vyenye vimeunganishwa, ukate.

Ninajua jibu la wenye sekretaria: mega ni bei, na mizajuru zinakula mega. Ni kweli, siwezi kuwalaumu kwa hilo. Ndiyo maana wengi wanazima mizajuru siku ile ile wananunua mashine, na wengine wanaweka Windows ya kuiba, yenye mutu hajui nani aliigusa mbele yake. Lakini kuko namna ya kupunguza garama. Katika Windows 10 na 11, mashine zenye ziko ku rezo moja zinaweza kugawanyana mizajuru: moja inanunua mega, zingine zinachukua kwake. Mizajuru moja inaweza pia kuteremushwa kama fishie na kupelekwa kwa kle USB. FEC ya Butembo, yenye inakusanya wachuuzi wetu, ingeweza kulipa koneksio moja nzuri, na kila juma wenye sekretaria waende kuchukua. Vijana wenye walisoma informatike na hawana kazi ni wengi katika muji. Kule Beni pia, ukitembea Boulevard Nyamwisi, unawaona.

Na saa imeenda mbio. Tangu tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft haitoi tena mizajuru za bure za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani, na zile zenye tunanunua okazio ndizo hizo. Sitamwambia mama mwenye mashine mbili na empirimanti moja azitupe. Namwambia tu kwamba kutenganisha konte na kufuta mangaribi hakuombi mega hata moja, na kunakuwa na lazima zaidi leo kuliko jana.

Serkali nayo ina kitabu cha sheria juu ya mambo hayo, Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, yenye inazungumuzia pia kulinda habari za mutu binafsi. Watu wa kodi wanapita ku sekretaria kila mara. Ningefurahi kama siku moja mumoja wao angeuliza, mbele ya kuomba karatasi ya malipo: hizi karte za watu unazichunga wapi?

Siku ile nilimuomba kijana afute fishie yangu mbele ya macho yangu, kisha afute korbeye. Akanitazama, akacheka: "Papa, hakuna mutu aliniomba hivi hata siku moja." Akaifuta. Faktire ya muchuuzi wa Guangzhou tuliiacha pale. Mwenyewe alikuwa hajarudi kuichukua.