Hiyo vani ya watalii itabeba nini?

Wewe na marafiki mmechanga doo, mkapata vani iliyokuwa ikikodishiwa watalii. Rangi safi, paa linafunguka, bei si mbaya. Mnataka kuweka kitanda, friji na jiko, kisha kila wikendi ni Naivasha au Magadi. Sioni ubaya. Lakini mbona maswali yote ni ya injini na kilomita, hakuna anayeuliza litabeba kilo ngapi?

Tafuta uzito wa juu kabisa uliowekwa na mtengenezaji, mara nyingi uko kwenye kibandiko cha mlangoni au chini ya boneti. Toa uzani wa gari likiwa tupu. Tuseme zinabaki kilo 800. Watu sita wa kilo 70 ni 420. Maji lita 100, kilo 100 zingine. Zimebaki 280, na bado hujapandisha mbao, betri za sola wala hema la juu ya paa. Ule mtungi wa gesi wa kilo 13? Hizo 13 ni gesi pekee, chuma hakijahesabiwa!

Na uzani wa gari tupu usiusome kwenye logbook tu. Mwenyewe huenda alishaongeza bampa ya chuma na makabati. Lipeleke mizani kabla hujatoa hata dipoziti. Akikataa, achana naye.

Najua, utaniambia matatu hujaza kila siku. Basi shuka nalo Mai Mahiu, breki zikinuka moto, mkiwa sita ndani.

Mimi ningeanza kwa kuacha friji. Barafu inauzwa Naivasha.