Usiondoke kliniki bila jina la dawa yako

Msomaji, hebu fungua kabati au mkoba unamoweka dawa zako. Je, unaweza kutaja majina yake? Au umekuta bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1 x 2", na ndani yake tembe nyeupe ambazo hujui zinaitwaje?

Wakazi wengi wa miji yetu huchukua dawa papo hapo katika kliniki ya mtaa walikotibiwa. Sina ugomvi na desturi hiyo. Kliniki iko karibu, hufunguliwa hata jioni watu wakitoka kazini, na daktari anakujua kwa jina. Pengine hata hukukopesha hadi mwisho wa mwezi. Kwa mtu anayeugua presha au kisukari, ambaye hana budi kumeza dawa kila siku, huo ni msaada mkubwa. Ninalopinga ni mgonjwa kukabidhiwa dawa asiyoijua.

Chukua mfano wa mama mwenye presha, anayepata dawa zake kila mwezi katika kliniki moja huko Kayole. Desemba anakwenda mashambani kwa Krismasi. Kufikia tarehe 26 tembe zimekwisha. Simu ya daktari haipatikani na kliniki imefungwa hadi mwaka mpya. Anakwenda kituo cha afya kilicho karibu. Anapoulizwa anatumia dawa gani, anajibu, "Ile nyeupe ya duara."

Tembe nyeupe za duara ni nyingi mno. Hata kama dawa ni moja, nguvu huwa tofauti: amlodipini, kwa mfano, huuzwa kwa tembe za miligramu 5 na za miligramu 10. Anayemhudumia mama huyu atampima na kuanza upya, bila kujua ni dawa ipi iliyokuwa ikimfaa. Akiamua kungoja hadi arudi Nairobi, anahatarisha maisha. Mara nyingi presha haiumi. Hupanda kimya kimya, na wengine huigundua siku ya kupigwa na kiharusi.

Kuna hatari nyingine. Dawa moja huweza kuwa na majina kadhaa ya biashara. Mgonjwa wa kisukari anaweza kupewa Daonil katika kliniki moja na glibenklamidi katika nyingine, asijue kwamba ni dawa ile ile. Akizimeza zote, sukari yake inaweza kushuka hadi azirai. Naye aliyewahi kudhuriwa na penisilini anahitaji kujua kama bahasha aliyopewa ina amoksilini, kwani hizo ni za ukoo mmoja.

Kwa nini basi majina hayaandikwi? Mara nyingine ni haraka tu, foleni ikiwa ndefu. Lakini kuna madaktari wanaohofia kwamba mgonjwa akijua jina la dawa, mwezi ujao ataifuata kwa bei nafuu kwenye duka la dawa. Tuseme ukweli, sisi wagonjwa pia tuna lawama. Daktari akitupima vizuri na kutushauri bila kutupa dawa, twanung'unika tukiambiwa tulipe. Basi yeye hurudishia gharama zake kwenye tembe. Tukubali kulipia ujuzi wake, naye asitufiche jina la dawa.

Jina hilo ni haki yako. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013 unatambua haki ya mgonjwa kuelezwa kuhusu matibabu yake. Kwa hivyo, kabla ya kuondoka kliniki, omba uandikiwe mambo manne: jina la asili la dawa, nguvu yake, namna ya kuimeza, na muda wa kuitumia. Omba pia kuonyeshwa pakiti ilikotolewa ili usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Karatasi hiyo itunze pamoja na kitambulisho chako na uipige picha kwa simu. Mwonyeshe pia mtu mmoja wa nyumbani, kwani siku utakapozidiwa huenda usiweze kusema.

Tena usingoje tembe ya mwisho. Zikibaki za wiki moja, mjulishe daktari ili akuwekee nyingine, na ukisafiri beba za kutosha.

Daktari mwema hatakasirika ukimwuliza. Na yule atakayekasirika kwa sababu umetaka kujua unachomeza, nakushauri utafute mwingine. Tumbo litakaloipokea dawa hiyo ni lako.